Kufanya Kazi na Kocha wa Uongozi: Mwongozo kwa Watendaji Wakuu na Wanaowalipia

Mtu anapopanda cheo, watu wanaothubutu kumwambia ukweli hupungua. Alipokuwa ofisa wa mikopo, mwenzake wa meza ya pili alimwambia waziwazi kwamba barua aliyomwandikia mteja ilikuwa na lugha kali. Alipokuwa meneja wa tawi, msaidizi wake alimwambia vivyo hivyo, ila kwa kuzungukazunguka. Akishakuwa mtendaji mkuu, barua yenye ukali ule ule itapita kwa katibu muhtasi, kwa mwanasheria na kwa meneja uhusiano, na wote wataisifu. Kasoro yake haijaongezeka. Kilichotoweka ni mtu wa kumwonyesha.

Kocha wa uongozi huajiriwa ili pengo hilo lisiigharimu kampuni. Mwongozo huu umeandikwa kwa mtendaji anayefikiria kuwa na kocha au aliyepangiwa tayari, kwa mwenyekiti wa bodi au mwenye kampuni anayelipa, na kwa ofisa rasilimali watu anayeandaa mkataba. Msimamo wake ni kwamba faida ya kazi hii inategemea mambo mawili kuliko mengine yote: makubaliano yanayowekwa kabla ya kikao cha kwanza, na kazi anayoifanya kiongozi kati ya kikao na kikao mbele ya macho ya watu anaowaongoza. Hekima ya kocha husaidia, lakini haiwezi kuziba pengo la lolote kati ya hayo mawili.

Kazi hii ilikotoka

Mwaka 1974 Timothy Gallwey, mwalimu wa tenisi wa Marekani, alichapisha kitabu kiitwacho The Inner Game of Tennis. Alikuwa ameona uwanjani kwamba mchezaji anayepewa maelekezo mengi kuhusu bega, mkono na mguu hukakamaa, ilhali anayeombwa autazame mpira tu na kusema anachokiona huanza kujirekebisha mwenyewe. Mawazo hayo yalifika Uingereza, ambako John Whitmore, dereva wa zamani wa magari ya mashindano, pamoja na wenzake Graham Alexander na Alan Fine, waliyaingiza katika kampuni za biashara. Kitabu cha Whitmore, Coaching for Performance, kilitoka mwaka 1992 na kikaeneza utaratibu wa maswali wa hatua nne ambao makocha wengi wanautumia hadi leo: unataka kufika wapi, hali ikoje sasa, una njia zipi mbele yako, na kati ya hizo utafanya ipi na lini.

Kule Silicon Valley aliyeipatia kazi hii heshima kubwa ni Bill Campbell, aliyeanza kama kocha wa mpira wa Kimarekani katika Chuo Kikuu cha Columbia kabla ya kuingia kwenye biashara. Aliwasaidia Steve Jobs wa Apple na viongozi wa Google kwa miaka mingi. Eric Schmidt, mtendaji mkuu wa Google wakati huo, alipinga aliposhauriwa kwa mara ya kwanza kuwa na kocha, akiona kwamba mtu mwenye uzoefu kama wake hana haja ya kufundishwa. Mwaka 2019, miaka 3 baada ya Campbell kufariki, Schmidt na wenzake wawili walitoa kitabu kizima kuhusu kazi ya mtu huyo.

Wakurugenzi wetu wanastahili kulijua hilo, kwa sababu katika ofisi nyingi za Dar es Salaam, Nairobi na Mombasa kupewa kocha bado kunachukuliwa kama kupewa barua ya onyo. Uvumi husambaa korido nzima kabla hata kocha hajafika. Mwenyekiti wa bodi ndiye mwenye uwezo wa kuizima dhana hiyo, na njia ya hakika ni yeye mwenyewe kuwaeleza mameneja kwamba kampuni inatumia fedha hizo kwa sababu inamhitaji kiongozi huyu kwa miaka mingi ijayo. Kama hawezi kuyasema hayo kwa dhati, asiajiri kocha.

Kocha hufanya nini, na kipi hakimhusu

Mshauri mwelekezi hupewa tatizo akatoa jibu. Mkufunzi huja na somo lake tayari. Mlezi wa kikazi ni mkubwa aliyekwishapita njia hiyo, akakusimulia alivyopita. Kocha huanzia kwako: husikiliza, huuliza, hukurudishia kile ulichosema na kile ulichokikwepa, kisha hukubana mpaka utaje hatua utakayochukua. Ndiyo maana kocha mzuri anaweza kumfaa mkurugenzi wa benki hata kama hajawahi kufanya kazi benki. Wapo pia wanaochanganya kazi hizi katika kikao kimoja, na si dhambi, alimradi kocha aseme wazi pale anapoacha kuuliza na kuanza kushauri.

Mpaka usiovukwa ni ule wa tiba. Mwaka 2002 mwanasaikolojia Steven Berglas aliandika katika jarida la Harvard Business Review akionya kwamba makocha wasio na elimu ya saikolojia wanaweza kufanya madhara makubwa, kwa kushughulikia tabia ya nje huku ugonjwa wa ndani ukiendelea kukomaa. Onyo hilo halijachakaa. Kiongozi asiyelala kwa wiki kadhaa, anayekunywa pombe ili aweze kuingia ofisini, au aliyefiwa na kuelemewa na huzuni, anahitaji daktari au mnasihi. Kocha anayeheshimu kazi yake husema hivyo na kumwelekeza anakostahili kwenda.

Kuna hali nyingine ambayo kocha hafai kabisa: pale ambapo bodi imekwisha kuamua kumwondoa mkurugenzi na inatafuta karatasi ya kuonyesha kwamba ilijaribu kumsaidia. Huko ni kumdhalilisha mtu na kuiharibia kazi hii jina. Ofisa rasilimali watu akigundua kuwa anatumiwa hivyo, awe jasiri kusema kabla mkataba haujasainiwa.

Mkataba wa pande tatu

Katika kampuni, anayelipa kocha na anayekaa na kocha ni watu wawili tofauti. Usiri ukikosa mipaka iliyoandikwa, kiongozi atakuwa anapima kila neno, na vikao vitageuka mazungumzo ya adabu. Kwa hiyo kabla ya jambo lolote, mwakilishi wa kampuni, kiongozi na kocha wakutane na kukubaliana nani ataambiwa nini.

Mgawanyo unaofaa ni huu. Kampuni ina haki ya kujua malengo yaliyokubaliwa, kama vikao vinafanyika kwa ratiba, na mwishoni, kama mabadiliko yameonekana. Yanayosemwa ndani ya kikao ni mali ya kiongozi. Taarifa ya maendeleo inayokwenda kwa mwenyekiti ipelekwe na kiongozi mwenyewe kwa mdomo wake, kocha akiwepo kama inahitajika. Mkataba utaje pia mambo ambayo kocha hatayafunika, yaani uhalifu, wizi wa mali ya kampuni na hatari kwa maisha ya mtu, ili kiongozi asije akashtukizwa baadaye.

Uandike vilevile kumbukumbu zitatunzwa wapi na zitafutwa lini. Madokezo ya kocha kuhusu tabia za watu ni taarifa binafsi. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na Kenya ina sheria yake ya ulinzi wa data ya mwaka 2019. Hakuna sababu ya madokezo hayo kukaa kwenye kompyuta ya kampuni ambayo fundi wa mitambo anaweza kuifungua.

Kampuni za kifamilia zinahitaji uangalifu wa ziada. Mara nyingi mzee aliyeanzisha biashara ndiye anayemlipia kocha mtoto wake au mpwa wake aliyekabidhiwa usukani. Baada ya wiki chache, mzee atamkaribisha kocha chai, na katikati ya maongezi ya afya na watoto atauliza: "Na kijana wetu, unamwonaje?" Swali linaulizwa kwa upendo, na kumnyima mzee jibu kunaonekana ni utovu wa adabu. Lakini kocha akijibu hata sentensi moja, kazi imekwisha, kwa sababu kijana atajua kabla ya magharibi. Jibu la kufaa ni: "Mzee, tulikubaliana atakuletea habari mwenyewe mwisho wa mwezi. Nitamkumbusha." Kocha anayeshindwa kulisema hilo kwa heshima na kwa uthabiti asipewe kazi katika kampuni ya familia.

Kukusanya ukweli kwa watu wasiozoea kumsema mkubwa

Baada ya mkataba, kocha anahitaji kujua kiongozi anaonekanaje kwa wengine. Njia iliyozoeleka ni tathmini ya nyuzi 360: bosi wake, walio sawa naye na walio chini yake wanaulizwa, kwa dodoso au kwa mahojiano. Katika mazingira yetu napendekeza mahojiano. Dodoso la mtandaoni lenye alama za 1 hadi 5 linapofika kwa wasaidizi wa mkurugenzi, hujazwa 4 na 5 tupu, kwa sababu kila mmoja anaamini kwamba watu wa kompyuta wanaona nani kajaza nini. Unapata karatasi nzuri isiyo na habari yoyote.

Mahojiano yawe na watu wanane hadi kumi na wawili. Wengine wachaguliwe na kiongozi, wengine na ofisa rasilimali watu, ili pasiwe na orodha ya marafiki wala orodha ya mahasimu. Yafanyike nje ya ghorofa ya mkurugenzi, ikiwezekana nje ya jengo. Na yafanyike kwa lugha ambayo mhojiwa anaitumia anapoudhika. Kampuni nyingi huendesha kazi hii kwa Kiingereza kwa sababu vitabu na mafunzo yake viko kwa Kiingereza. Meneja atakayesema kwa Kiingereza kwamba mawasiliano ya mkurugenzi yanaweza kuboreshwa, atasema kwa Kiswahili kwamba siku ile kwenye kikao alitamani ardhi ipasuke. Kauli ya pili ndiyo inayomfaa kocha.

Adabu yetu huficha mengi. Mfanyakazi akisema bosi ni "mkali kidogo", kocha asiandike na kupita, kwani huenda katika sentensi hiyo fupi kuna mtu aliyeomba uhamisho. Akisema "mzee yuko vizuri tu", hajasema kitu. Dawa ni kuomba tukio badala ya sifa. Usimuulize kama mkurugenzi anasikiliza. Mwambie akusimulie mara ya mwisho alipompelekea wazo: alikuwa wapi, mkurugenzi alikuwa anafanya nini, alijibuje, na yeye alifanya nini baada ya kutoka mlangoni. Mtu anayeogopa kuhukumu huwa haogopi kusimulia.

Kisha linakuja jukumu la kuwalinda waliosimulia. Majibu ya walio chini yaunganishwe katika kundi la watu wasiopungua watatu. Kauli zisinukuliwe kama zilivyotamkwa, kwa sababu kila mmoja wetu ana misemo yake na mkurugenzi aliyefanya kazi na mtu miaka sita ataitambua sauti yake ndani ya mstari mmoja. Tukio linaloweza kumtambulisha mhojiwa libadilishwe sura au liachwe, labda mwenyewe aruhusu. Ofisini majungu na kuchongeana vimewagharimu watu ajira, kwa hiyo woga wao una msingi, na kocha anayeuchukulia kama ushamba hatapata kitu.

Siku ya kusomewa matokeo, karibu kila kiongozi hupitia hatua moja: anaanza kutafuta aliyesema. "Huyu ni wa manunuzi, namjua." Kocha amzuie hapo hapo. Swali la nani alisema lifungwe, na libaki lile la kinachotokea wakati watu watano wasiojuana wanasimulia jambo moja. Baada ya siku chache, kiongozi awarudie wote waliohojiwa, mmoja mmoja au pamoja, awashukuru, awaambie amechagua kushughulikia jambo gani, na awaombe wamsaidie. Marshall Goldsmith, kocha maarufu wa Marekani, huwataka viongozi katika hatua hii waombe mapendekezo ya siku zijazo badala ya kurudi kwenye makosa yaliyopita. Njia hiyo inatufaa sana, kwa kuwa mdogo anayeona aibu kumkosoa mkubwa haoni aibu kumpa wazo.

Kikao kinavyokwenda

Vikao huchukua kati ya saa moja na saa moja na nusu, kila baada ya wiki mbili au tatu, kwa miezi sita hadi kumi na miwili. Jambo la kushughulikia liwe moja, au mawili kwa taabu. Mkurugenzi anayetaka kurekebisha usikilizaji, kukaimisha madaraka, kutunza muda na kuongea mbele ya waandishi wa habari ndani ya nusu mwaka atamaliza akiwa hajagusa lolote.

Tuchukue mfano wa kufikirika. Mkurugenzi wa kampuni ya uwakala wa forodha Dar es Salaam ana shida ya kuchelewa kupata habari mbaya. Kontena la mteja linakwama bandarini, gharama za kuhifadhi zinapanda kila siku, na yeye anapigiwa simu na mteja kabla meneja wake mwenyewe hajamwambia. Amekuja akiwa na jibu tayari: mameneja hawawajibiki. Kocha hambishii.

"Mara ya mwisho meneja alipokuletea habari mbaya mapema ilikuwa lini, Mkurugenzi?"

"Hawaleti. Ndiyo shida yenyewe hiyo."

"Hata mara moja?"

Anafikiri. "Mwezi wa tatu. Yule wa nyaraka. Alisema ankara za mteja zina kasoro, mzigo ungechelewa."

"Ulimjibuje?"

Hapa panapita kimya, na kocha hakijazi. Hiki ndicho kipimo cha ufundi wake, kwa maana kocha mchanga angeingiza swali jingine ili kumpunguzia mkubwa aibu.

"Nilimuuliza nani aliyemwajiri."

"Mkiwa wawili?"

"Kwenye kikao. Wote walikuwepo."

Kocha hakuwa na haja ya kusema zaidi. Mkurugenzi mwenyewe ameunganisha ile siku ya mwezi wa tatu na simu za wateja. Sasa zinafuata njia za kutokea. Anataja kutoa waraka, kocha anamuuliza nani atauamini. Anataja kubadilisha mameneja, kocha anamuuliza wapya watajifunza nini kutoka kwa wa zamani kwenye wiki ya kwanza. Mwisho anafika kwenye jambo dogo linaloweza kufanyika: kwa Jumatatu nne zijazo, ajenda ya kwanza ya kikao cha mameneja itakuwa matatizo ya wiki, na kwa kila atakayesema, yeye ataanza kwa maneno haya tu: "Asante kwa kuniambia. Unahitaji nini kwangu?" Atawaeleza mameneja kwa nini anafanya hivyo. Atamwomba mkuu wa fedha amtazame na amwambie baada ya kikao kama ameteleza.

Amebaki meneja wa nyaraka. Mkurugenzi anasema atamwita ofisini ayamalize. Kocha anauliza: tusi lilitolewa wapi? Katika ofisi zetu mkubwa kumwomba radhi mdogo ni jambo zito, na wengi huona litawashushia heshima. Maoni yangu ni kwamba aliyeaibishwa mbele ya watu arejeshewe heshima mbele ya watu hao hao. Sentensi mbili zinatosha, bila hotuba. Nguvu yake kwa kikao kizima ni kubwa kuliko waraka wowote, kwa sababu kila aliyekuwepo siku ile alijifunza kunyamaza, na ndiye anayehitaji kujifunza upya.

Kikao kinachofuata kinaanza na kilichotokea kwenye Jumatatu hizo, kwa undani: nani alisema nini, mkurugenzi alisikia nini mwilini mwake kabla ya kujibu, wapi aliteleza. Kiongozi anayekuja bila kuwa amefanya alichoahidi aulizwe kwa nini, na jibu la "nilibanwa na kazi" lichunguzwe, kwani hiyo ndiyo kazi yenyewe.

Naweka mkazo pia kwenye kocha kumtazama kiongozi akiwa kazini. Mwaka 2011 daktari mpasuaji Atul Gawande alieleza katika jarida la The New Yorker jinsi alivyomwalika mwalimu wake mstaafu kumtazama akifanya upasuaji Boston. Alikuwa bingwa wa miaka kadhaa na upasuaji ule alidhani umekwenda vizuri. Mwalimu aliona kwamba taa ilikuwa imehama, haimuliki tena sehemu ya kidonda, na kwamba kiwiko chake kilikuwa kinanyanyuka. Mambo hayo Gawande asingeyasimulia kwenye kikao chochote, kwa kuwa hakuyajua. Mkurugenzi naye ana kiwiko chake: namna anavyotazama simu mtu anapoongea, au anavyomalizia sentensi za wenzake. Kocha aketi nyuma kwenye kikao cha mameneja angalau mara moja, watu wakiwa wameelezwa ni nani na amefuata nini.

Kumpata kocha anayefaa

Katika nchi nyingi kazi hii haina leseni ya serikali, na yeyote anaweza kuchapisha kadi na kujiita kocha. Kwa hiyo uliza alikosomea. Chombo kinachojulikana zaidi ni Shirikisho la Kimataifa la Makocha, ICF, lililoanzishwa Marekani mwaka 1995. Lina ngazi tatu za ithibati, na tofauti kubwa iko kwenye uzoefu: ya chini inadai saa 100 za kukaa na wateja, ya kati 500, na ya juu 2,500. Ulaya lipo pia baraza la EMCC. Ithibati haimfanyi mtu kuwa kocha mzuri, lakini inakuhakikishia kwamba amesoma, amefanya, na ana kanuni za maadili unazoweza kumshtaki kwazo.

Muulize pia yeye mwenyewe anasimamiwa na nani. Makocha makini huwa na kocha mwenzao mwenye uzoefu wanayempelekea kazi zao ngumu bila kutaja majina. Mwombe kikao kimoja cha kufahamiana kabla ya kusaini, na uonane na makocha wawili au watatu kabla ya kuamua. Kiongozi achague mwenyewe. Kocha aliyechaguliwa na bodi peke yake huanza kazi akiwa tayari ameshukiwa.

Katika kikao hicho cha kufahamiana, angalia nani anaongea zaidi. Na kama akikusimulia siri za mkurugenzi mwingine, hata kwa kuficha jina, mshukuru na muagane.

Kupima, na kufunga

Mwaka 2004 Goldsmith na mwenzake Howard Morgan walichapisha uchambuzi wa maoni ya watu zaidi ya 86,000 kutoka kampuni kubwa 8 zilizokuwa na programu tofauti za kukuza viongozi. Walichokiona ni kwamba viongozi waliowarudia wenzao mara kwa mara kuzungumzia jambo wanalolirekebisha ndio waliosemwa na wenzao kuwa wamekuwa bora. Wale waliosikiliza somo kisha wakakaa kimya hawakuonekana kubadilika kwa kiasi cha maana. Goldsmith mwenyewe amejijengea utaratibu wa kutolipwa mpaka watu wanaomzunguka mteja waseme wameona tofauti.

Si lazima kumlipa kocha wako kwa namna hiyo, lakini kipimo chake kichukue. Kwenye mwezi wa tatu na wa sita, waliohojiwa mwanzoni waulizwe maswali mawili: katika jambo hili alilolichagua, amekuwa bora, yuko pale pale au amekuwa mbaya zaidi? Umeona nini kinachokufanya useme hivyo? Maoni ya kiongozi kuhusu nafsi yake yasikilizwe, ila yasihesabiwe. Wala yasichukuliwe mapato ya kampuni kuwa ndiyo kipimo, kwa sababu bei ya mafuta au mabadiliko ya ushuru yanaweza kuyapandisha na kuyashusha bila mkurugenzi kubadilika kwa lolote.

Mkataba ufungwe kwa kikao cha pande tatu kama ulivyofunguliwa. Kiongozi aeleze alichobadilisha, alichoshindwa, na nani ndani ya kampuni atakayeendelea kumwambia ukweli kocha akishaondoka. Ikiwa hawezi kumtaja mtu hata mmoja, kazi haijakamilika. Na ikiwa walio chini yake wanasema baada ya nusu mwaka kwamba hawajaona tofauti yoyote, bodi isiongeze muda kwa kumwonea haya kocha au mkurugenzi. Isimamishe malipo, iwaite wote wawili, na iulize ni yapi kati ya yale yaliyoandikwa kwenye makubaliano ya kwanza hayakufanyika.